Meko yangu ya kuotea moto Njombe: nashukuru fundi aliikataa ramani

Ukikaa Njombe huhitaji kuelezwa baridi ya Juni na Julai. Kuna asubuhi unafungua mlango unakuta umande umeganda juu ya majani. Kwa hiyo tulipoamua kujenga, meko yalikuwemo kwenye ramani tangu mwanzo. Tatizo ni pale yalipochorwa: ukuta wa nje, pembeni kabisa paa linaposhuka, yakitazamana na mlango mkubwa.

Fundi tuliyemwita kwa kazi hiyo aliitazama ramani, akazunguka kiwanja, akaniambia, "Dada, nikikujengea hapa nitakuwa nimekula hela yako bure." Dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ikiwa nje pande tatu hupoa usiku kucha. Ukiwasha moto, moshi unakutana na hewa baridi, nzito, unarudi sebuleni. Tena kwa kuwa paa hapo liko chini, ingebidi dohani ipande juu sana. Ikiwa fupi, upepo unaovuka mgongo wa paa unausukuma moshi chini. Na kila mtu akifungua mlango, moto unapigwa na upepo.

Akayahamishia ukuta wa kati, baina ya sebule na chumba cha wageni, karibu kabisa chini ya mgongo wa paa. Bahati nzuri msingi ulikuwa haujamwagwa, maana dohani ya tofali ni nzito na inataka msingi wake. Leo ukuta wa chumba cha wageni unabaki vuguvugu mpaka usiku wa manane. Mama mkwe akija, hakubali kulala kwingine.

Mdomo wa meko ni sentimita 80 kwa 70, tundu la dohani 25 kwa 25, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya mdomo. Nilitaka mdomo mpana zaidi, akakataa: tundu lingezidiwa na moshi. Kichwa cha dohani kinapita mgongo wa paa kwa sentimita 60. Mbao za kenchi hazigusi tofali popote. Alibishana na fundi wa paa nusu siku nzima hadi akaachiwa nafasi ya vidole vitatu.

Siku ya kujaribu alikunja gazeti, akaliwasha, akaliinua hadi kwenye koo la meko. Moshi ulisita, ukachungulia sebuleni, halafu ukavutwa juu wote kwa mvumo mzito. Nilisimama pale na khanga begani, nikasikia machozi yananilenga.

Malalamiko ninayo mawili. Bati lililozungushiwa dohani juu ya paa lilivuja mvua za Desemba, na fundi alinizungusha wiki mbili kabla ya kuja kuziba. La pili ni kubwa zaidi: hakuacha tundu la kuingizia hewa. Madirisha yetu ya alumini yanabana, ukifunga yote moto unazubaa na moshi unaanza kutoka. Sasa tunaacha dirisha la jikoni wazi kidogo, na hatulali makaa yakiwa yanafukuta, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu.

Kuni zetu ni miwati iliyokauka vizuri. Kuni mbichi za paini nilizijaribu mara moja tu, zikaacha masizi ya kunata, na masizi hayo yanaweza kushika moto humo humo ndani ya dohani. Mwezi wa tano, kabla ya baridi, nitamwita fundi yule yule aje kuyakwangua, na siku hiyo hiyo atoboe tundu la hewa.