Belle of Louisville: pandeni, na mkipanda wakumbukeni mabaharia wa 1825

Jumamosi nimepanda Belle of Louisville na wanangu wawili, na jamani kama uko Kentucky na hujaipanda bado, nenda. Ni boti ya mvuke kweli kweli, imeundwa Pittsburgh 1914, gurudumu lake jekundu liko nyuma linachapa maji, na kabla hatujang'oa nanga kuna kinanda huko juu kinapigwa kwa mvuke, mdogo akaziba masikio huku anacheka.

Ila mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilishasoma kesi ya boti inaitwa Thomas Jefferson. Mabaharia wake waliondoka Shippingport, hapa hapa Louisville, wakaenda wakaupanda mto Missouri wakarudi, halafu wakawa wanadai mishahara yao mahakamani. Kesi ikatupwa huku Kentucky, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani 1825 ikatupwa tena, Jaji Joseph Story akasema mahakama ya mambo ya bahari inasikiliza kazi iliyofanyika baharini au kwenye maji yanayokupwa na kujaa, na safari yao yote ilikuwa mtoni juu kabisa. Hakusema hawadai, alisema tu hapa si mahali pake.

Mimi mtu wa Tanga, kupwa na kujaa nimekulia humo, tulikuwa tunasubiri maji yapwe tukatafute pweza. Nikaegemea reli nikauangalia mto Ohio, maji ya kahawia, kuna gogo linapita linaelekea upande mmoja tu, nikasema haya, kweli hayapwi, lakini aliyekuwa anatia kuni kwenye boila kutwa nzima jasho lake si jasho? Iliniuma kwa sababu na mimi nilipofika hapa nilidhulumiwa mshahara wa wiki 3 kwenye ghala moja, nikazungushwa ofisi hii nenda ile mpaka nikachoka.

Wenzao wa mitoni na kwenye maziwa walisubiri zaidi ya miaka 25, mpaka kesi ya Genesee Chief, meli iliyogongana na meli ya matanga Cuba kule ziwa Ontario, ndo Jaji Mkuu Taney akaifuta hiyo habari ya kupwa na kujaa.

Mkubwa wangu akaniuliza, kwa hiyo kosa ni la mto? Nikamwambia hapana baba, mto haukuwaajiri.

Gati iko mtaa wa Fourth, mjini kati. Wabebeeni watoto makoti, huko juu upepo unakata.