Wakala wa tiketi za ndege Ngamiani, Tanga: familia zinahudumiwa vizuri, ila kuweni macho na tiketi mbili

Ofisi ni chumba kimoja karibu na soko la Ngamiani, meza mbili na feni. Uzuri wake unaanza na swali la kwanza: kabla hujatajiwa nauli, unaombwa pasipoti zote na tarehe ya kurudi. Mhudumu anaandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto kando ya tarehe hiyo, na hapo ndipo hela nyingi huokolewa. Mtoto ambaye hajafika miaka 2 hupakatwa kwa takribani asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 mkiwa bado huko, kurudi analipiwa kiti. Mkirudi wiki moja kabla, gharama hiyo haipo. Kuanzia miaka 2 hadi 11 mashirika mengi hupunguza kama robo ya nauli, lakini tiketi za ofa mara nyingi hazina punguzo hilo, na hapa unaambiwa mapema.

Majina husomwa herufi kwa herufi. Kwetu Pwani hilo si jambo dogo. Cheti cha mtoto kinasema baba ni Athumani, pasipoti ya baba inasema Othman, na afisa wa viza anauliza mtoto ni wa nani. Maliza suala hilo kwa hati ya kiapo kabla ya kulipa chochote. Tiketi ikishakatwa, kurekebisha jina hutozwa, na mashirika mengine hukataa kabisa.

Kwa wanaokwenda Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hesabu ya viza wanayokupa ni sahihi: yuro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 bure. Baba, mama, mtoto wa miaka 8 na wa miaka 4 ni yuro 225, na hazirudi mkinyimwa. Wanachosahau kuweka ni safari ya Dar es Salaam. Anayeomba mara ya kwanza, akiwa na miaka 12 au zaidi, anakwenda mwenyewe kutoa alama za vidole, hatumi mtu. Bima nayo isomeni wenyewe: isipungue yuro 30,000, na ilipie matibabu pamoja na kurudishwa nyumbani.

Kasoro kubwa ni hii. Ukidai bei ya chini kabisa, wanakuunganishia tiketi mbili za mashirika tofauti. Bei inashuka kweli. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili haliwajibiki kwako wala halikujui: mmeachwa, nauli imepotea. Mizigo mnaichukua na kuikabidhi upya, jambo ambalo nchi nyingine zinalitakia viza ya kupita. Mwenye watoto asikubali. Uliza waziwazi kama safari yote iko kwenye tiketi moja, na kama siyo, ongeza hela.

Wanapenda pia kukuuzia ndege ndogo ya Tanga hadi Dar. Hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, wakati ndege ya nje inakupa 23 au 30. Mwenye begi la mkononi apande. Familia yenye mabegi manne ichukue basi stendi ya Kange, siku moja kabla ya kuruka.