Uzoefu wangu: miaka minne ya kulipia habari za usajili wa futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vya Marekani

Alama ninayotoa ni nyota 2 kati ya 5. Nyota moja ni ya video za mechi za sekondari, ambazo humu zimepangwa kwa jina la mchezaji na tarehe, jambo ambalo sijaliona kwingine. Nyota ya pili ni ya waandishi wawili wanaofika mazoezini kweli na kuandika walichokiona kwa macho. Tatu zilizobaki nimezizuia. Kasoro ya huduma hii na kasoro ya benchi la ufundi la timu yangu ni moja: pande zote mbili zinahesabu wanaoingia, hakuna anayehesabu wanaotoka.

Jina la huduma sitalitaja, wala la chuo. Ni tovuti ya kulipia inayofuatilia timu moja tu. Bei ni dola 10 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza dola 1, kisha inajikata yenyewe kwenye kadi. Ukijiunga kupitia duka la programu la simu, kufuta akaunti kwenye tovuti hakusimamishi makato. Lazima uingie kwenye mipangilio ya simu na kusitisha huko, tena siku moja kabla ya tarehe ya makato.

Kitu kinachojaza kurasa kila jioni ni ofa, yaani chuo kumwahidi kijana wa sekondari nafasi kwenye timu na ufadhili wa masomo. Kijana wa Georgia kapata ofa, wa Texas kapata ofa, wa Ohio kapata ofa. Timu kubwa hutoa ofa zaidi ya 200 kwa mwaka mmoja wa usajili, wakati nafasi za kujaza ni kama 25. Barua rasmi ya ofa hairuhusiwi kutolewa kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kabla ya hapo ni maneno ya mdomo, na kocha anaweza kuyaacha yafe bila kumwambia mtu. Kwa hiyo ukisoma neno ofa, tafuta mambo matatu. Je, kocha wa nafasi ile amefika shuleni kwa kijana mwenyewe, au ametuma ujumbe tu? Je, kijana amepimwa urefu, uzito na urefu wa mikono kwenye kambi ya chuo, au vipimo ni vile alivyojiandikia? Na je, ameitwa ziara rasmi, ile ambayo chuo kinalipa? Ziara rasmi zinaruhusiwa kuanzia Aprili 1 ya mwaka wa tatu wa sekondari, na zilizo na uzito husongamana Juni. Kijana ambaye hajapewa wikiendi ya Juni, ofa yake ni ya akiba. Huduma ninayoilipia inaziandika zote kwa herufi za ukubwa uleule, na hapo ndipo shabiki anapopotea.

Utabiri nao. Kila mwandishi anaweka asilimia za kijana kuchagua timu fulani, na mwisho wa mwaka wanatangaza kwamba wamepatia karibu zote. Angalia saa ya mabadiliko. Mara nyingi utabiri unageuzwa asubuhi ya siku ya tangazo, baada ya familia kuwaambia makocha. Utabiri wa namna hiyo hauna faida kwa aliyelipa. Ninaouthamini ni ule uliowekwa siku 60 kabla na haukuguswa, na tovuti haitoi njia ya kuuchuja.

Nyota za wachezaji, yaani alama za ubora hadi tano anazopewa kijana wa sekondari, ni suala zito zaidi, na sikubaliani na wanaosema hazina maana. Tazama waliobeba ubingwa wa taifa: Alabama ya kocha Nick Saban mara sita kati ya 2009 na 2020, Clemson 2016 na 2018, LSU 2019, Georgia 2021 na 2022, Ohio State 2014 na 2024. Wote walisajili vijana wa nyota nne na tano kwa wingi, mwaka baada ya mwaka. Nyota husema kweli kwa jumla, na hudanganya kwa mtu mmojammoja. J.J. Watt alianza Central Michigan akicheza nafasi nyingine, akaenda Wisconsin bila ufadhili wa masomo, akatoka huko mchezaji wa kuogopwa NFL, ligi ya kulipwa. Na ndugu zetu Wakongo wanamkumbuka Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada. Michigan walimchukua kutoka chuo kidogo cha Montreal, na Novemba 1995 alikimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State, Michigan wakashinda 31–23.

Orodha ya makundi ya mwaka (kundi ni wote ambao timu moja imewasajili mwaka huo), ile ya nani wa kwanza na nani wa ishirini, ina matatizo mawili ambayo huduma haikwambii. Kwanza, alama hujumlishwa, hivyo timu iliyosajili vijana 28 wa kawaida inaweza kuipita iliyosajili 17 wazuri. Angalia wastani kwa mchezaji, si nafasi kwenye orodha. Pili, orodha haijali nafasi za uwanjani. Wapokeaji (wadakaji wa pasi) watano wa nyota nne na hakuna mzito hata mmoja wa kumlinda kwotabeki, mrushaji wa pasi, hupata alama nyingi, na Novemba unaona kwotabeki amelala chini.

Mfano ambao kila shabiki anapaswa kuusoma kwa makini ni Texas A&M. Kundi lao la 2022 lilipewa alama kubwa kuliko kundi lolote lililowahi kupimwa. Msimu uleule walipoteza nyumbani 17–14 mbele ya Appalachian State, wakamaliza 5–7, yaani ushindi tano na vipigo saba. Wachezaji wa kundi hilo wakahama: Walter Nolen akaishia Ole Miss, Evan Stewart akaishia Oregon. Novemba 2023 kocha Jimbo Fisher akafungashiwa virago kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 75, kwa sababu 2021 alikuwa ameongezewa mkataba hadi 2031. Usajili ulifanyika, wachezaji walifika. Kilichokosekana ni cha baada ya kufika.

Na hapa ndipo timu yangu inaponikera. Shida yake iko kwenye ukuta wa mbele, wale watano wanaomlinda kwotabeki. Kijana wa ukuta huja ana kilo 120 au 125 na anatakiwa afike kama 140 bila kupoteza miguu. Hiyo ni kazi ya miaka miwili hadi mitatu ya chumba cha vyuma, chakula na mazoezi ya mikono. Kikosi chenye afya kinahitaji wachezaji wa ukuta kama 15 au 16, maana yake usajili wa wanne au watano kutoka sekondari kila mwaka, bila kuruka mwaka. Timu yangu ilichukua wawili mwaka mmoja na watatu uliofuata, kwa sababu fedha na wikiendi za Juni zilikwenda kwa wapokeaji. Pengo la mwaka mmoja halionekani mwaka huo. Linaonekana mwaka wa tatu, pale mlinzi wa pembeni kushoto anapoumia na anayeingia ni kijana wa miezi mitano chuoni. Kuziba pengo hilo kwa kununua mchezaji wa uhamisho, anayetoka chuo kingine, ni ghali mno, kwa kuwa kila timu inamtafuta mtu yuleyule, na wazuri hawahami bila dau kubwa.

Ongeza mabadiliko ya makocha wa mashambulizi. Timu yangu imekuwa na watatu ndani ya misimu minne. Mmoja anataka ukuta unaotembea pamoja kwenda upande mmoja, hivyo anasajili wepesi wa kilo 130. Anayefuata anataka kugonga na kusukuma mbele, anahitaji wa kilo 145. Vijana waliosajiliwa na wa kwanza hawafai kwa wa pili, wala hawajafundishwa vya kutosha kuhamia timu nzuri. Wanakaa, au wanaondoka bure. Makocha hawa walipotangazwa, huduma yetu iliandika kila mmoja ataleta pasi nyingi na kasi. Hakuna makala hata moja iliyouliza wachezaji wa ukuta waliopo wanafaa mfumo upi.

Mechi zenyewe zina kosa jingine ambalo ni rahisi kulirekebisha. Kanuni inamruhusu kijana wa mwaka wa kwanza kucheza hadi mechi nne bila kupoteza mwaka wake mmoja wa kustahili kucheza chuoni. Ukiwa mbele kwa alama 28 robo ya tatu imeisha, ingiza ukuta wa pili wote, uwaache wacheze angalau mipango 15 ya kweli ya mashambulizi, si kupiga goti na mpira ili saa iishe. Benchi letu huwaacha wakubwa hadi dakika nne za mwisho. Kijana aliyekaa misimu miwili bila kugusa uwanja hana sababu ya kubaki dirisha la uhamisho likifunguka, na mimi simlaumu.

Dirisha lenyewe limewekwa mahali pabaya. Vijana wa sekondari husaini wiki ya kwanza ya Desemba. Dirisha la uhamisho sasa ni moja tu, na la 2026 liliwekwa Januari 2 hadi 16, baada ya lile la masika kufutwa. Kwa hiyo kocha anasaini kundi zima kabla ya kujua nani ataondoka. Akitimuliwa Oktoba, vijana walioahidi wanatawanyika kabla ya Desemba, na kocha mpya akitangazwa, siku tano baadaye wachezaji waliopo wanafunguliwa siku 15 zao za kuhama. Mkurugenzi wa michezo anayemfukuza kocha katikati ya msimu anapaswa kuwa na mtu wa kuwapigia simu wazazi jioni ileile. Kwetu simu zilianza baada ya siku nne, na ahadi sita zikayeyuka.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Tangu Julai 1, 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya wanamichezo Juni 6, vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025–26, kwa michezo yote ya chuo. Kikomo cha ufadhili wa masomo 85 kimeondolewa, badala yake kikosi ni wachezaji 105. Mikataba ya matangazo na watu wa nje ya chuo ya dola 600 na zaidi lazima ikaguliwe. Huduma ninayoilipia inachanganya fedha za chuo, za mfuko wa wafadhili na za matangazo kana kwamba ni chungu kimoja, kisha inaweka kiungo cha kumwomba shabiki achangie mfuko kila mwezi. Kabla hujachangia, uliza fedha zinakwenda kubakiza nani. Kama jibu ni jina la kijana wa sekondari ambaye hajafika, na hakuna mlinzi wa ukuta wa mwaka wa tatu kwenye orodha, weka mkono mfukoni.

Uhamisho unaofanywa kwa akili nimeuona Indiana. Walikuwa 3–9 mwaka 2023. Kocha Curt Cignetti alipofika alikuja na wachezaji 13 kutoka chuo cha James Madison, watu aliowafundisha mwenyewe na waliokuwa wamecheza mechi nyingi. Msimu wa 2024 wakamaliza 11–2, na Desemba 2025 wakawafunga Ohio State 13–10 na kubeba ubingwa wa ligi yao, Big Ten. Upande wa pili kuna Florida State: walibeba ubingwa wa ligi yao, ACC, 2023 wakiwa 13–0, wakongwe wakaondoka, pengo likazibwa kwa majina ya uhamisho, na 2024 wakawa 2–10. Tofauti ninayoiona ni kwamba Cignetti alinunua dakika zilizochezwa. Benchi letu linanunua nyota za sekondari za mchezaji ambaye tayari ana miaka 21 na misimu mitatu ya benchi.

Jinsi ninavyoitumia huduma hii sasa: nafungua jedwali langu kwenye kompyuta, safu moja kwa kila mchezaji aliyesainiwa miaka minne iliyopita. Naandika nafasi, uzito alipofika, uzito wa sasa kwenye orodha rasmi ya timu, mechi alizocheza kila msimu, na kama bado yupo. Nagawa waliobaki mwaka wa tatu kwa waliosainiwa, kila nafasi peke yake. Kwa timu yangu, wapokeaji waliobaki ni sita kati ya tisa. Wa ukuta ni wanne kati ya kumi na mmoja. Jedwali zima huchukua saa tatu hivi mara ya kwanza, na takwimu zote ziko wazi kwenye kurasa za chuo. Sijaona tovuti yetu ikiiandika hesabu hii hata mara moja kwa miaka minne.

Kwa anayetaka kujiunga, lipia miezi mitatu tu: Juni kwa ziara rasmi na vipimo vya kambi, Desemba kwa kusaini, Januari kwa dirisha. Ni dola 30 badala ya 120. Machi na Aprili ongeza tu kama mwandishi mmojawapo wa wale wawili anaruhusiwa kuingia kwenye mazoezi 15 ya masika, na kabla ya kulipa mwandikie umuulize. Mimi nimeshasitisha makato ya baada ya Januari. Tarehe 17, dirisha likishafungwa, nitafungua jedwali kwenye safu za ukuta wa mbele na kuhesabu waliobaki.