Ziara ya nyumba za ibada Mombasa: nampa mwongozaji nyota nne

Binti yangu yuko gredi ya 5 na anasoma IRE, yaani somo la dini ya Kiislamu. Wenzake wa CRE (Ukristo) na HRE (Uhindu) hutoka darasani kipindi kikifika, kila mmoja na mwalimu wake, kwa hiyo wanajua dini za wenzao kwa kusikia tu. Ndiyo maana wazazi tulichanga tukamlipa mwongozaji wa Mji wa Kale awazungushe.

Hekalu la Wajaini, Barabara ya Langoni, ndilo lililowakamata. Ujaini ni dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Viatu nje, na mikanda ya ngozi pia, kwa sababu ngozi ni mnyama aliyekufa. Marumaru ile nyeupe, nguzo zimechongwa hadi juu! Kisha wakaambiwa Mjaini mshika dini hali viazi wala vitunguu, maana kuving'oa ni kuua mmea na vidudu vya ardhini. Mtoto mmoja akauliza, "Hata viazi karai?" Mwongozaji hakumcheka, alimjibu vizuri kabisa.

Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, waliuona kwa nje. Holy Ghost Cathedral, kanisa kuu la Wakatoliki, tulipita mbio, joto lilikuwa limewachosha.

Nyota moja nimeikata kwa hili: dini ya jadi haikutajwa. Nusu ya darasa ni Wagiriama na Wadigo, na kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kabila lao, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Mwongozaji, tafadhali, ongeza mzee wa kaya. Nauli ya kwenda Rabai, kwenye kaya, tutachanga.