Tathmini: Kupanda Karthala na Mwongozaji wa Ngazidja

Karthala ni volkeno yenye urefu wa mita 2,361 inayotawala kusini mwa Ngazidja, kisiwa cha Komoro. Safari ya kuipanda hupangwa mjini Moroni, kwa kawaida ni ya siku mbili pamoja na kulala mlimani, na bei niliyokubaliana na mwongozaji ilijumuisha chakula, hema na wapagazi. Niliichagua kwa sababu nilitaka kuelewa historia ya mlima wenyewe, kwa hiyo naipima huduma hii zaidi kwa elimu iliyotolewa kuliko kwa starehe.

Kwa elimu, ilistahili malipo yake. Tangu mwanzo wa njia, mwongozaji alieleza kwa nini hatutakutana na mto hata mmoja: Ngazidja ndicho kisiwa kichanga kuliko vyote vya Komoro, na lava yake bado ina matundu na nyufa nyingi kiasi kwamba mvua, hata iwe kubwa namna gani, huzama ardhini mara moja. Maore (Mayotte), kisiwa cha funguvisiwa hilohilo kilicho kikongwe zaidi, kimekwisha kuliwa na mmomonyoko na kuzungukwa na mwamba wa matumbawe. Jambo hilo lina uzito wa moja kwa moja kwa msafiri, kwani maji yote ya kunywa lazima yabebwe kutoka chini, na wapagazi wetu walibeba ya kutosha.

Thamani kubwa ya safari iko kwenye kaldera, bonde lenye upana wa takriban kilomita 3 kwa 4, ambamo kasoko (mdomo wa volkeno) ya Chahalé imezama. Mwongozaji alitusimamisha ukingoni kwa muda mrefu, akatuonyesha majivu ya kijivu yaliyolalia lava nyeusi, na akafafanua tofauti ambayo wageni wengi huikosa: Karthala ni volkeno ya aina ya ngao, iliyojengwa na lava nyepesi inayotiririka mbali, lakini maji yakikutana na joto la chini hulipuka kwa nguvu. Mwaka 1991 mlipuko ulikuwa wa mvuke, na baadaye ziwa likajikusanya ndani ya Chahalé. Aprili 2005 magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilipopanda ikalikuta ziwa hilo, majivu yakarushwa juu, na maelfu ya watu wakakimbia vijiji vyao. Novemba mwaka huohuo majivu yalianguka tena na kuchafua mabirika ya maji ya mvua, ambayo kwa kisiwa kisicho na mito ndiyo uhai wenyewe. Milipuko ya 2006 na 2007 aliitaja kwa ufupi, na sikuona kwamba tumepunjwa.

Nililokosa ni maelezo ya tahadhari. Hatukuambiwa lolote kuhusu gesi, ingawa mwaka 1903 gesi za sumu za mlima huu ziliua watu 17, wala hatukuelezwa kama kuna taarifa yoyote mpya kutoka kituo cha uangalizi wa volkeno kilichoanzishwa mwaka 1988. Anayepeleka watu ndani ya kasoko iliyo hai anapaswa kuulizia hali ya mlima kabla ya kuondoka na kuwaambia wateja wake alichojibiwa.

Kasoro ya pili ni kwamba safari huishia kileleni. Singani, kijiji cha kusini-magharibi kilichoteketezwa na lava mwezi Aprili 1977, hakimo katika ratiba, ilhali ndiko mtu anakoelewa kuwa hatari ya Karthala haikai juu tu: lava ile ilitoka kwenye ufa uliofunguka chini kabisa ubavuni, mbali na kaldera. Atakayeagiza huduma hii aombe mapema ziara ya Singani iongezwe wakati wa kurudi, na avae viatu vya soli ngumu, kwa kuwa lava ya huko bado ina ncha kali.