Google Flights kwa tiketi za sikukuu: kutafuta ni hapo, kulipa ni kwingine

Niseme mapema kwamba Google Flights, huduma ya Google ya kutafuta na kulinganisha nauli za ndege, haiuzi tiketi. Wengi huingia wakidhani ni duka, wakifika mwisho wanapelekwa kwenye tovuti ya shirika la ndege au ya wakala, basi wanaona wamezungushwa bure. Mimi naifungua kila msimu wa sikukuu unapokaribia, na kwa kazi ya kutafuta nauli nafuu sijaona inayoizidi. Ila kwenye kulipa nina maneno.

Kilichonifanya nibaki nayo ni kalenda. Ukishaandika unakotoka na unakokwenda, usibonyeze kutafuta kwanza. Gusa sehemu ya tarehe. Chini ya kila siku inatokea bei yake, na zile za chini zina rangi ya kijani. Miezi miwili inajaa bei ndani ya sekunde chache. Mtambo ulio nyuma yake ni wa ITA Software, kampuni iliyoanzishwa na wataalamu wa kompyuta wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ambayo Google iliinunua kwa dola milioni 700. Ununuzi ulikamilika 2011 na huduma hii ikafunguliwa mwaka huohuo. Siku za kawaida tofauti ya bei kati ya siku na siku si kubwa, lakini karibu na sikukuu, njia ileile na shirika lilelile, nauli ya Ijumaa inaweza kukaribia mara mbili ya ile ya Jumatano. Desemba ndiyo inayonifurahisha zaidi kuitazama. Bei inapanda taratibu kuanzia katikati ya mwezi, inafika kileleni siku chache kabla ya Krismasi, halafu mara nyingi tarehe 25 yenyewe inashuka, kwa sababu wengi wameshafika na waliobaki hawataki kula sikukuu angani. Kama kwenu hakuna shida ya kukutana jioni badala ya mchana, siku hiyo itazameni.

Watu wanahangaika sana na tarehe ya kwenda, ya kurudi wanaisahau. Pale karibu na grafu ya bei kuna jedwali linaloweka siku za kwenda upande mmoja na za kurudi upande mwingine, na kila kisanduku kina jumla yake. Ukilisoma vizuri utaona kinachokukamua ni kurudi. Wakati wa kuondoka watu hutawanyika, huyu likizo yake imeanza mapema, yule amechelewa. Kurudi wote wanabanana kwenye Jumamosi na Jumapili moja kabla shule na ofisi hazijafunguliwa. Kusogeza siku moja tu kule mwisho kumeniokolea pesa nyingi kuliko zile mbinu za kutafuta usiku wa manane au kufuta historia ya kivinjari. Hiyo ya kufuta historia nimeijaribu, na simu ya mtu mwingine nimeazima, bei haikutikisika. Kinachoibadilisha kati ya asubuhi na jioni ni watu wengine kununua viti.

Na hapo kwenye viti panahitaji maelezo, hasa kwa wanaosafiri familia nzima. Shirika haliuzi ndege yote kwa nauli moja. Viti vya daraja la kawaida vimegawanywa kwenye makundi ya nauli, kila kundi na herufi yake, na lile la bei ya chini linapewa viti vichache. Sasa ukitafuta tiketi za watu wanne wakati kundi la chini limebakiwa na viti vitatu, mifumo mingi haikupi vitatu kwa bei ya chini na kimoja kwa bei ya juu. Inawapandisha wote wanne. Kwa hiyo mimi naanza kutafuta kwa mtu mmoja, naiandika ile bei, kisha naongeza abiria mmojammoja na kugawanya jumla kwa idadi ya watu. Bei ya kichwa kimoja ikiruka ghafla nikifika wa nne, nimejua vilivyobaki ni vitatu. Basi ni kuchagua: mkate tiketi kwa mafungu mawili au wote mlipe ile ya juu. Mafungu yana ubaya wake. Mbele ya shirika ninyi ni abiria msiojuana, na safari ikifutwa mnaweza kupangiwa ndege tofauti. Nikikata hivyo, kila fungu lazima liwe na mtu mzima, na nawapigia shirika waandike kwenye kumbukumbu zao kwamba tunasafiri pamoja. Mtoto simwachi kwenye fungu la peke yake, hata wanipunguzie vipi.

Kuna pia swichi ya kufuatilia bei. Ukiiwasha unatumiwa barua pepe nauli inapopanda au kushuka, na ukurasa wenyewe hukuonyesha kama bei ya leo ni ya chini, ya kawaida au ya juu kwa njia hiyo. Mashirika mengi hufungua mauzo karibu miezi 11 kabla ya safari, ila ile bei ya mwanzo si lazima iwe ndiyo rahisi. Safari za sikukuu nikiona imeandikwa ya kawaida, nakata. Ndege ambayo itajaa kwa vyovyote haina sababu ya kukushushia nauli dakika za mwisho.

Sasa maneno yangu. Tangu 2024 kuna kichupo cha bei ya chini kabisa, kando ya kile cha safari bora. Humo ndani zimechanganywa nauli za mawakala wa mtandaoni, pamoja na safari zilizounganishwa kwa tiketi mbili za mashirika yasiyohusiana. Zinaandikwa hivyo, lakini mwenye haraka hasomi. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, ile ya pili imekufia mkononi. Mzigo unauchukua mwenyewe na kuukabidhi upya, na kama nchi ya katikati inadai viza, utaihitaji hata kama hulali hapo. Nyingine zinakubadilishia mpaka uwanja: unashukia Heathrow, unapandia Gatwick. Zote zinaitwa London, lakini kutoka moja kwenda nyingine ni safari nyingine ya barabarani.

Kuhusu mawakala, kuna mmoja niliyempata kwa njia ya utafutaji wa namna hii, jina naliacha. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya shirika. Pesa ikakatwa, ujumbe ukaja na msimbo wa herufi na tarakimu sita, nami nikaanza kutafuta namba ya tiketi. Tiketi iliyotolewa kweli ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinalitambulisha shirika. Haikuwepo. Nikapiga simu shirika, dada wa huko akaniambia, "Nafasi naiona kaka, ila tiketi haijatolewa." Kesho yake wakala akaandika kwamba nauli imepanda, niongeze pesa au nirudishiwe. Nilichagua kurudishiwa, na pesa ilichukua muda mrefu kurudi huku bei zikizidi kupanda. Kwa safari zinazogusa Marekani, sheria inalitaka shirika likuruhusu kughairi bila makato ndani ya saa 24, au likushikilie bei kwa muda huo, mradi umekata siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka. Wakala habanwi na sheria hiyo. Ndiyo maana nikishapata tarehe na ndege, naenda kukata kwenye tovuti ya shirika lenyewe, hata ikizidi kidogo.

Kabla ya hapo napita Skyscanner, tovuti nyingine ya kulinganisha nauli, kwa sababu hakuna chombo kinachoonyesha mashirika yote. Southwest la Marekani, kwa mfano, lilianza kuonekana Google Flights mwaka 2024 tu. Skyscanner inafaa zaidi kwa ambaye hajui aende wapi: unachagua mahali popote na mwezi mzima, inakupangia nchi kwa bei.

La mwisho ni mabegi. Nauli ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakiwa, na mashirika mengine yanakutoza hata lile la mkononi linalowekwa kwenye kabati juu ya viti. Weka kichujio cha mabegi kabla hujalinganisha bei, na begi lenyewe lilipie mtandaoni mapema, maana kaunta ya uwanjani kwa kawaida ni ghali zaidi. Mashirika mengi yanatenganisha begi la kwenda na la kurudi. Mimi naondoka na la mkononi na kununua la kurudi tu, kwa kuwa sikukuu zikiisha ndipo mzigo unapoongezeka.