Konsultasio ya vijana wenye SS Lubumbashi: inafaa, ila upande mmoja tu

Nina kijana wa miaka 17 mwenye SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tangu utotoni ametibiwa kwa madaktari wa watoto, na faili lake lilikuwa mimi: lini aliongezewa damu, dawa ipi ilimletea kichefuchefu, kipimo gani kilitoka vibaya, vyote nilivibeba kichwani. Mwaka jana kituo tunachokwenda, upande wa Kampemba, kilifungua konsultasio ya vijana kila Jumamosi ya kuwaandaa kuhamia kwa madaktari wa watu wazima. Wazazi wenzangu wananiuliza kama inafaa kulipia. Inafaa, na nitasema pia pale inapopwaya.

Kinachowakera wengi ni kutolewa nje. "Mama, utatungojea inje kidogo," na mlango unafungwa. Mama mmoja kwenye benchi alinung'unika kwamba fishi, karatasi ya kumwona daktari, kailipa yeye halafu anafukuzwa kama mgeni. Lakini kabla ya hapo muuguzi alikuwa ametuketisha wazazi peke yetu akatuambia watakachozungumza na watoto: pombe, sigara, mapenzi, kupima damu ya mchumba kabla ya ndoa, na kwa wavulana ule uume unaosimama wenyewe kwa maumivu. Akasema ukibaki umesimama zaidi ya masaa manne, ni hospitali mara moja, si mambo ya kuona haya hadi asubuhi. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya unga. Akina mama tukaangalia sakafu, papa mmoja akaanza kukohoa. Mimi nilishukuru moyoni, maana mwanangu asingekuja kuniambia mimi jambo hilo, hata angekuwa anakufa.

Sehemu ya pili mnaingia wote, ila maswali yanakwenda kwa mtoto. "Papa, unakunywa dawa gani?" daktari akamuuliza mwanangu. Kijana akanigeukia. Daktari hakusema kitu, akawa anaangalia kalenda ukutani. Kimya kikanyooka mpaka nikabaki nimebana midomo. Mwishowe akajibu: "Ile ya kapsuli." Inaitwaje? Ya miligramu ngapi? Hajui, na ni dawa anayoimeza kila siku ya Mungu! Daktari hakumgombeza. Alimpa kalamu aandike mwenyewe, kisha akamwambia Jumamosi nyingine ataulizwa tena, na mama hatajibu.

Sasa anajua. Haidroksiurea, kapsuli za miligramu 500, pamoja na asidi foliki. Anajua kwa nini hatuachi kwenda maabara hata akijisikia mzima: dawa ile inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Anajua pia inaweza kupunguza mbegu za kiume, na kwamba siku akitaka mtoto atamwona daktari kwanza, asiiache kimyakimya. Hilo la mwisho alinieleza mwenyewe tukiwa kwenye teksi, akiangalia dirishani.

Kitu ninachokisifu kuliko vyote ni kadi. Karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, inaingia kwenye pochi. Mbele kuna jina, kundi la damu, dawa zake, namba ya muuguzi, na hemoglobini yake (kipimo cha wingi wa damu) ya siku zote: 7. Nyuma kuna mambo ya kukimbilia hospitali: homa ya 38.5 au zaidi, kifua kuuma na pumzi kuwa fupi, upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kupinda. Nilidhani ni pambo, mpaka Julai.

Mnajua Julai ya Lubumbashi, baridi ya usiku inaingia hadi kwenye mifupa, na watoto wa SS ndio wa kwanza kulipa. Usiku mmoja maumivu ya miguu yakamshika. Kituo chetu hakifanyi kazi usiku, kwa hiyo kaka yake akampeleka hospitali nyingine, upande wa watu wazima kwa sababu ya urefu wake. Kule hawamjui. Muuguzi wa zamu akamuuliza kijana mkubwa hivi analia nini. Vipimo vikatoka, daktari akaona 7, na kwa mtu mzima wa kiume asiye na ugonjwa huu inatakiwa kuanzia 13, basi akaagiza familia itafute watu wa kutoa damu. Mwanangu, machozi yakimtoka, akachomoa kadi: "Docta, ile saba ni yangu ya kawaida." Daktari akasoma, akapiga namba ile, wakaongea. Akapata dripu na dawa kali ya maumivu. Damu haikuongezwa. Nilipofika asubuhi alikuwa amelala.

Hapo si suala la kuokoa pesa tu. Kila unapoongezewa damu bila sababu, chuma kinarundikana mwilini, na mwili unaweza kujifunza kukataa damu za watu wengine, hivyo siku unapoihitaji kweli inapatikana kwa taabu.

Ila usiku ule ndio ulionionyesha kasoro. Kituo kimemfundisha mwanangu kuhama, lakini upande anaohamia hakuna aliyefundishwa kumpokea. Hakuna barua iliyotangulia, hakuna daktari wa watu wazima anayekuja hata Jumamosi moja vijana wakamwona uso. Mzigo wote wamemtwisha mtoto na kadi yake. Je, kama usiku ule asingeweza kuongea?

Pia wanaanza kwa kuchelewa, miaka 15. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2016, unataka maandalizi yaanze mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Nilipomwambia muuguzi alicheka, akasema wao ni wawili na Jumamosi ni moja. Sina la kumjibu.

Malipo ni fishi ya kawaida, hawaongezi kitu kwa sababu ni konsultasio ya vijana. Maabara unalipa pembeni. Foleni ni ndefu, fika mapema na mtoto awe na maji yake ya kunywa. Daktari anaanza kwa Kifaransa, lakini mtoto akijibu kwa Kiswahili wanaendelea kwa Kiswahili.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka jambo la Kolwezi liishe: mwaka ujao kijana anakwenda kusoma kule, atakaa kwa mjomba wake, nami nimeomba waniandikie barua kwa daktari yeyote wa kule atakayemfuatilia. Wamesema wanamtafuta daktari huyo. Bado nangoja simu.